Zamu ya Mghoi kwenye Mashine

Nimestaafu. Nilikabidhi ufunguo wa chumba cha mashine siku ya Ijumaa, wakanikatia keki ambayo sikuambulia hata kipande, kisha nikarudi kwetu Mwatate, ambako kuku wangu hawajali kabisa nilikuwa nani huko nilikotoka. Vijana wa idara wamenisumbua niwaandikie machache kabla sijasahau. Haya basi, naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilinipita mbali, na anayetaka kujua habari za mshahara aje aangalie paa la nyumba yangu, atapata jibu bila kuniuliza.

Nilianzia Voi, kwenye chumba cha eksirei. Siku yangu ya kwanza nililetewa mzee mmoja aliyevunjika mguu, na mbuzi wake. Walikuwa wametumbukia shimoni pamoja, na mzee alitaka wapigwe eksirei wote wawili kwa kuwa ajali yao ilikuwa moja. Nilimweleza kwamba mashine ni ya watu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, mashine imejuaje. Nilimpiga picha yeye, na wakati huo mbuzi akala pembe ya pazia. Pazia lile lilikaa vile vile, limeliwa, miaka yote niliyokaa pale. Nilijifunza mapema kwamba kwenye kazi hii mtu akikuuliza jambo la ajabu, mara nyingi amelifikiria kuliko wewe.

Baadaye nilipelekwa kusomea mionzi ya kutibu saratani, nikapangiwa hospitali moja ya Mombasa ambayo haina haja ya kutajwa. Voi hakukuwa na mashine ya namna hiyo, na hata leo watu wetu huteremka hadi pwani kuitafuta. Aliyenipokea ni Mzee Athumani, mtu wa Mombasa hasa, mwenye Kiswahili kilichonifanya nione aibu na changu. Kila asubuhi alipangusa meza ya mashine kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, "kabla hujawasha taa, muulize mgonjwa jina lake kwa kinywa chako, kisha tia mkono wako pale alipopasuliwa. Karatasi usiitegemee."

Nilidhani ni hekima ya wazee. Kumbe alikuwa na sababu yake. Miaka ya nyuma alimpanga mezani mfagizi wa kike aliyekuwa amejinyoosha pale kupumzisha mgongo akapitiwa na usingizi. Alimwekea mikono juu, akamnyoosha vizuri, akamlinganishia taa, na mama yule, ingawa alizinduka, alikuwa amechoka kiasi kwamba aliona ni heri anyamaze kuliko kuambiwa ainuke akafagie. Mzee Athumani alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia mgonjwa anakoroma. Tangu siku hiyo aliuliza majina, hata ya watu aliowajua.

Wengi wa wanawake waliopita mikononi mwangu walikuwa na saratani ya titi, na wengi wao walikuwa wamepasuliwa bila kuondolewa titi lote. Daktari anatoa uvimbe na nyama kidogo iliyouzunguka, titi linabaki. Halafu sisi tunalipiga mionzi lile lililobaki, kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, ili chembe zilizojificha humo zisipate nafasi ya kuota upya. Ndiyo mapatano yenyewe: ukitaka kubaki na titi, lazima umalize mionzi. Ukiiacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi pale pale, na ukirudi, mara nyingi titi linaondoka, na pengine si titi peke yake. Nimesikia kwamba huko ng'ambo kuna vyumba vya upasuaji ambamo mionzi hupigwa mgonjwa akiwa bado amelala, jeraha likiwa wazi, akaamka mambo yamekwisha. Kwetu mgonjwa anaamka akiwa na safari.

Kazi yenyewe ukiitazama haina maajabu. Mgonjwa analala kwenye ubao ulioinuka kidogo, mikono juu ya kichwa. Kwenye ngozi tumemchorea mistari kwa wino, na mistari hiyo haioshwi. Taa nyembamba zinatoka ukutani, unazikutanisha na mistari, unatoka, unafunga mlango mzito, unabonyeza. Yeye hasikii kitu ila mngurumo. Dakika chache, anavaa, anaenda zake. Ngozi itaungua kidogo wiki za mwisho, kama mtu aliyeshinda juani kule Mackinnon Road bila kofia. Basi.

Lakini watu hawaamini kwamba kitu kisichoumiza kinaweza kuwa dawa, kwa hiyo hukiongezea wao wenyewe. Nilikuwa na bibi mmoja aliyeiamkia mashine kila asubuhi, na kwa kuwa haikuitikia, aliniambia imelelewa vibaya. Mama mmoja mfanyabiashara wa Taveta alileta mkungu wa ndizi. Nikamshukuru, akanisahihisha kwamba ndizi si zangu, ni za mashine. Tulizila kwa niaba yake, na alipouliza kama imezipenda nilisema imezipenda sana. Waume ndio usiseme. Mmoja alitaka kujua kama mkewe akilala karibu na kuku wanaoatamia, mayai yataiva. Mwingine alimwekea simu kifuani usiku kucha aone kama itajaa chaji. Nilikuwa nikiwaambia wote jambo moja: mionzi hii haikai mwilini, mashine ikinyamaza imekwisha, mkumbatie mkeo. Yule wa simu alisikitika.

Kwa kuwa nilijua Kidawida, lugha yetu Wataita, kila mgonjwa aliyetoka kwetu aliletwa kwangu, hata wale waliosema Kiswahili kizuri kuliko changu. Ndivyo nilivyompata Mghoi. Jina si lake, nimempa mimi.

Mghoi alitoka Mwanda, kule juu ambako baridi inakufuata hadi kitandani. Mwanamke mwembamba, mkulima, maneno machache. Titi lake la kulia lilikuwa limepasuliwa na kidonda kimefunga vizuri. Siku ya kwanza alikuja na kamati.

Nyinyi mliozaliwa huku hamhitaji kuelezwa, ila nitasema kwa ajili ya wengine. Kwetu mtu akiugua ugonjwa wa maana, watu wake wanakaa kamati. Ina mwenyekiti, ina katibu, ina grupu ya WhatsApp, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi si mwanakamati. Mwenyekiti wa kamati ya Mghoi alikuwa shemeji yake, mtu mwenye koti la suti na kifua cha kulijaza. Katibu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke nadhifu, jirani yao, tuliyemwita Mwalimu tu. Walikaa mbele yangu na mwenyekiti akasafisha koo.

"Daktari," alisema, maana hospitalini kila aliyevaa nyeupe ni daktari, "sisi kama kamati tulipitisha titi litolewe. Sasa tunaona limetolewa nusu. Kazi ya nusu hatukuipitisha."

"Halikutolewa nusu," nikasema. "Uvimbe umetolewa wote. Titi limebaki kwa kuwa halina kosa."

"Jino likioza unang'oa jino. Hutoi kipande."

"Mgonjwa mwenyewe alitaka nini?"

Walitazamana. Hilo halikuwa limeingia kwenye ajenda. Mghoi, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, alisema bila kumwangalia mtu, "Nilitaka kubaki nalo. Ni langu."

Nikawaeleza mambo ya mionzi: kila siku ya kazi, bila kuruka, hadi mwisho. Mwalimu aliuliza maswali mazuri. Mwenyekiti akasema basi kamati itasimamia. Hilo lilinitia wasiwasi, kwa sababu kitu kikisimamiwa na kamati huwezi kujua kitafika wapi.

Mwanzo ulikwenda sawa. Mghoi alikaa Changamwe, hapo hapo Mombasa, kwa binamu yake katikati ya wiki, Ijumaa akapanda treni hadi Voi, akaendelea hadi Mwanda kuangalia nyumba, Jumatatu akawa amerudi. Kila siku nilimuuliza jina, nikatia mkono kwenye kovu, nikawasha taa. Alinizoea. Siku moja aliniuliza kama ninawagusa hivyo wote au yeye peke yake. Nikamwambia wote, ndivyo nilivyofundishwa. Akatikisa kichwa kama mtu anayeweka kitu mahali.

Kisha mvua ikanyesha milimani.

Kule Mwanda wanawake wana vikundi vya kulimiana. Leo kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa mwingine, na zamu haikosi. Ukiugua au ukifiwa, unatuma dada yako na jembe lake. Akifika, zamu yako imehesabiwa, hakuna swali. Mambo yao yamekwenda hivyo tangu bibi zao, na yanakwenda vizuri kuliko mengi ya serikali.

Jumatatu iliyofuata mvua hiyo mama mmoja aliingia chumbani, amevaa gauni la hospitali, kadi ya Mghoi mkononi. Nilimsalimia Kidawida, akaitikia.

"Jina?"

"Mghoi."

Sauti ilikuwa yake karibu kabisa. Uso pia, ila mashavu yalijaa. Nikajisemea milima imemkubali wikendi hii. Akalala, akainua mikono hata kabla sijamwambia. Nilipofungua gauni nikaona mistari, na mistari ile ndiyo iliyonishtua. Imenyooka mno. Mimi nachora kwenye ngozi ya mtu anayepumua, mistari yangu huyumba. Hii ilikuwa imepigwa rula. Na ilikuwa upande wa kushoto.

Nikatia mkono kutafuta kovu, nikapapasa polepole, nikidhani labda macho ndiyo yamechoka. Kovu halikuwepo.

"Mama, kovu lako liko wapi?"

"Limepona."

"Limepona likahama?"

Akageuza macho darini. Halafu akasema, "Daktari, mimi ni Wakesho. Mghoi ni dada yangu, mimi ndiye ninayemfuata. Lakini wewe endelea tu, nimeshajitayarisha. Nimeoga mara mbili, na tangu jana sijala."

"Hakuna aliyekuambia usile."

"Sikutaka lawama."

Nilimuuliza Mghoi yuko wapi. Akanieleza vizuri, kama mtu anayemweleza mgeni. Mvua imenyesha, ni zamu ya kupanda maharagwe, Mghoi hataki shamba lilale. Kwa hiyo Mghoi ameshika huko, na yeye Wakesho ameshika huku. Kamati imekaa imepitisha. Mwalimu ndiye aliyemchora, kwa rula ya ubaoni, kina mama wakimulika kwa simu. Ilichukua mchana mzima kwa sababu mwenyekiti alitaka kuona na kina mama walimkatalia.

"Mama Wakesho," nikasema, "dawa hii haiwezi kupokewa na mtu mwingine."

"Kwa nini? Si damu moja?"

Akaendelea, sasa amekasirika kidogo. "Kwa hiyo nimewaacha mbuzi wangu bure?"

Mnaweza kucheka. Hata mimi kicheko kilikuwa kimenifika kooni. Lakini mkono wangu ulikuwa bado pale pale, na wakati tunabishana vidole vilikuwa vimesimama juu ya kitu. Upande wa nje wa titi la kushoto, karibu na kwapa. Kigumu, kidogo kama punje ya haragwe, na hakikusogea nilipokisukuma.

"Hiki umekijua lini?"

"Hicho ni mfupa."

"Titi halina mfupa, mama."

"Basi langu linao."

Nikamwita daktari wetu, kijana mmoja mwenye mikono mizuri na maneno mengi. Alipoelezwa alicheka hadi akashika meza. Kisha akampima, na kicheko kikaisha. Akasema kwa sauti ya chini apigwe picha ya titi leo leo na achukuliwe kipande kwa sindano.

Wakesho alikataa. Yeye hakuja kwa ajili yake, alisema, yeye si mgonjwa, yeye ameshika zamu tu. Akaanza kutafuta viatu. Nilijua akitoka mlango ule hatutamwona tena hadi siku atakayobebwa. Nikamuuliza, kule kwenu mtu aliyeshika zamu ya dada yake akiambiwa na mwenye shamba apalilie badala ya kupanda, anafanya nini.

"Anapalilia," akasema. "Shamba si lake."

"Hapa mwenye shamba ni daktari. Amesema sindano."

Akakivua kiatu kimoja alichokuwa ameshavaa. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba sindano ihesabiwe kwa Mghoi. Nikamwambia nitaona. Nimesema mambo mengi ya ovyo kazini, lakini lile sijalijutia.

Wakesho akaenda kusubiri majibu kwa binamu yao Changamwe, na mimi nikabaki na suala la Mghoi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikampigia mwenyekiti, akapokea kwa sauti ya mkutano. "Daktari, tuna taarifa kwamba mgonjwa amewakilishwa ipasavyo." Nikamwambia hakuwakilishwa, amekosa dawa. Akasema atalifikisha kwenye kikao. Jumanne Mghoi hakuja. Jumatano hakuja. Daktari alikuwa ameshaacha utani. Aliniambia pengo likizidi kurefuka, yote tuliyokwisha kumpiga yanaweza kuwa kazi bure, na yule mama aliyesema titi ni lake atalipoteza. Alhamisi kimya, Ijumaa kimya. Jumamosi alfajiri nilipanda treni hadi Voi, nikapita Mwatate bila hata kufika nyumbani, nikapanda milima.

Nilifika Mwanda kamati ikiwa imekaa, ukungu ukiingia na kutoka mlangoni. Nilidhani nitasema maneno yangu niondoke. Mwenyekiti alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti, akamwambia Mwalimu aniweke kwenye mengineyo.

"Nimetoka Mombasa," nikasema. "Mgonjwa wenu yuko hatarini."

"Ndiyo maana tunataka ukae kwenye kumbukumbu," akasema.

Nikakaa. Tukaomba. Yakasomwa ya kikao kilichopita. Yakazungumzwa yatokanayo. Mzee mmoja alitaka ufafanuzi kwa nini kikao kilichopita chai ilikuwa haina maziwa, na hilo lilichukua muda mrefu kuliko saratani. Nilipewa kimanga, muhogo uliopondwa pamoja na maharagwe, na chai, ya maziwa. Nilikula kwa hasira. Kufika mengineyo nilikuwa sina hata nguvu ya kupiga kelele, nikawaeleza kama ninavyowaeleza watoto: mionzi inaua kilichojificha ndani ya titi la Mghoi. Kilichojificha ndani ya Mghoi hakiwezi kufuatwa ndani ya mtu mwingine. Mkimtuma dada, ugonjwa unabaki nyumbani unapanda maharagwe.

Mwalimu aliinua mkono. "Mistari je, ilikuwa na kasoro?"

"Mistari ilikuwa mizuri kuliko yangu, Mwalimu."

Akaandika hilo. Mwenyekiti akaona upepo umegeuka, akasafisha koo, na kikao kikaazimia kwamba mwili hauna mwakilishi. Pendekezo likatolewa, likaungwa mkono na watu wawili ingawa mmoja alitosha. Nikauliza mgonjwa mwenyewe yuko wapi. Wote wakanyoosha mkono kuelekea bondeni.

Nilimkuta kwenye tuta la tatu, amejifunga leso juu ya sweta, anapanda kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa bado unamvuta. Aliponiona hakushtuka. Aliweka chini kibuyu cha mbegu.

"Mmemshika?" akauliza.

"Nani?"

"Wakesho. Upande wa kushoto."

Nikasema, "Mghoi, habari za mgonjwa mwingine mimi sitoi."

"Kwa hiyo ni mgonjwa," akasema, na akakaa chini kwenye udongo.

Miaka yote ile ya kazi, na mwanamke mwenye jembe akanitoa siri kwa sentensi yangu mwenyewe. Nikakaa na mimi. Sketi yangu nzuri ikaisha siku ile.

Akanieleza. Aliporudi kutoka kupasuliwa, Wakesho ndiye aliyemuuguza. Asubuhi moja Mghoi alimwona dadake amesimama nyuma ya pazia, mkono ndani ya blauzi, anajishika pale pale mahali pamoja, anaacha, anajishika tena. "Mimi nilijishika hivyo mwaka mzima kabla sijasema," alisema. "Naijua namna ile." Alimwambia aende hospitali. Wakesho akasema ni mfupa. Alimwambia tena, akasema nyumba moja mgonjwa mmoja anatosha, kamati imeshachoka. Mara ya tatu Wakesho akaacha kuja kumwona.

"Kwa hiyo nikafikiri. Wakesho ukimwambia ajionee huruma, hasikii. Ukimwambia aogope, hasikii. Lakini zamu hajawahi kukataa, tangu tukiwa wasichana. Hata ya kuteka maji mvua ikinyesha, anaenda."

"Na mistari ya kushoto?"

"Mwalimu alitaka kulia, kama yangu. Nikamwambia kushoto, nikasema ndivyo daktari anavyotaka wiki hii. Nilijua utatafuta kovu. Wewe lazima ushike."

Nilikasirika. Naisema wazi, nilikasirika sana, na sijui kama nilimkasirikia yeye au nini. Nilimwambia angenipigia simu tu. Akasema ningesema mlete kliniki, na kliniki Wakesho haji. Nilimwambia angekuja naye, wawili. Akasema mwenye zamu akiwepo, wa kushika anarudi nyumbani. Nilimuuliza kama anajua kila siku anayokosa inamweka karibu na kisu.

"Najua. Ulinieleza vizuri sana. Na ningemfuata Jumanne, lakini nilihofia nikitokea tu ataniachia zamu akimbie kabla hamjamaliza kumpima." Alichukua udongo, akauvunja vunja mkononi. "Daktari, nikipona peke yangu, hiyo afya naipeleka wapi?"

Nilimwambia avae viatu vya safari. Akasema ngoja amalize mstari, nikamsaidia kuumaliza, mbaya mbaya, maana mimi ni wa Mwatate, kule chini. Jumatatu alikuwa mezani. Nilimuuliza jina, akacheka, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka. Daktari alipiga hesabu zake upya, akamwongezea siku, na ngozi yake ikaungua zaidi kuliko ilivyopaswa. Alivumilia, akamaliza. Titi lake analo hadi leo, na kila mwaka anakuja kupimwa, na hakuna kilichorudi.

Ya Wakesho ilikuwa saratani kweli, lakini tuliiwahi ingali ndogo. Alipasuliwa kama dadake, uvimbe ukatoka na titi likabaki. Mwenyekiti alitaka kuitisha kikao, Mwalimu akamwambia hakuna ajenda.

Siku ya Wakesho ya kwanza ya mionzi walikuja wawili tu. Nilimpanga, nikamchorea mistari yangu iliyoyumba, akaiangalia akasema ya Mwalimu ilikuwa bora. Kisha nikatoka, nikavuta ule mlango mzito. Mghoi alikuwa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, kama alivyokaa siku ya kwanza. Aliniona na akainuka, akanisogelea hadi karibu kabisa, akaniuliza kwa sauti ambayo hata mtu wa benchi la pili hakuisikia.

"Siwezi kumpokea zamu? Hata siku moja tu."

Nilimwambia haiwezekani.

"Najua," akasema. "Nimeuliza tu."